Siku Bangili Zangu Zilipoyeyushwa

Mie noti sijaziamini tangu mtoto. Mama yangu alikuwa na kopo la maziwa ya unga, ndani yake noti alizozikunja moja moja za kujengea chumba cha uani. Serikali ilipobadilisha noti, yeye alikuwa kalazwa na homa ya matumbo, siku za kubadilisha zikampita. Alipopona tukampa kopo lake. Akalifungua, akazitazama, akatupa sisi watoto tuchezee duka. Nikawauzia ndugu zangu mchanga, wakanilipa kwa noti halisi, nikawarudishia chenji. Mama alikaa kizingitini anatutazama. Sura yake ya siku ile bado ninayo.

Kwa hiyo nilipoanza kushona kofia na kupata pesa zangu mwenyewe, kila nikiuza kofia za kutosha nilikwenda kwa sonara. Nimeishia darasa la nne, na chuo cha Kurani nimehitimu, lakini kwa dhahabu hakuna mtu wa kunidanganya Unguja nzima. Bangili saba, za karati ishirini na mbili, zote kwa sindano yangu. Baadaye uzeeni nikawa nahudhuria darsa la wanawake msikitini, na mwalimu akafundisha juu ya dinari na dirhamu: kwamba dhahabu na fedha ndiyo mali yenye uzito wake yenyewe, kwamba karatasi ni ahadi ya mtu usiyemjua, na kwamba dhahabu ikiuzwa ni mkono kwa mkono, hapo hapo, hakuna njoo kesho. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Mambo niliyoyajua kwa kopo la mama, kumbe yameandikwa.

Binti yangu anafanya biashara Guangzhou na mumewe, wananunua vyombo vya jikoni na kupeleka Dar es Salaam. Alipokuwa na mimba ya kwanza, baada ya kungoja miaka tisa, alinikatia tiketi nije nimuuguze.

"Mama, njoo na dola kidogo," aliniambia kwenye simu. "Huku lolote linaweza kutokea."

"Dola ni karatasi."

"Mama, dola ni dola."

"Na mimi ni mama yako. Nitakuja na kitu cha maana."

Pesa niliyokuwa nayo nikanunua bangili ya saba. Sikubeba dola hata moja. Pale uwanja wa ndege wa Baiyun nilipita mbele ya wale askari mikono imo ndani ya buibui, jasho linanichuruzika mgongoni, lakini hakuna aliyeniuliza. Nikajiona mjanja.

Walikaa Sanyuanli, ghorofa ya sita, chini yake kuna mgahawa wa tambi wa mwanamke wa Kichina Muislamu. Mtandio kichwani, mikono imejaa unga, na Kiswahili cha kuokota kwa wateja. Kila nikishuka ananiita: "Mama, karibu, bei poa." Mimi nikimjibu salamu ya dini naye anaitikia vizuri kuliko watu wengine wa kwetu. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna mtu anayetoa hata senti mfukoni. Hata muuza viazi vitamu vya kuchoma barabarani, unaelekeza simu kwenye kibandiko chake, basi. Nilimwambia binti yangu, "Sisi tulilia na karatasi, nyie hata karatasi hamna." Akacheka, akasema mimi mshamba. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa.

Wiki ya tatu nilimkuta kakaa kitandani kashika simu kwa mikono miwili.

"Wameifunga akaunti," akasema.

Mteja wa nyumbani alimlipa kupitia mbadilishaji pesa wa mitaani, kama wanavyofanya wote. Zile pesa alizoingiziwa zilikuwa zimeshapitia kwa matapeli, yeye hana habari. Benki ikafunga kila kitu, na pesa ya kwenye simu nayo ikafungwa. Namba ya pesa zake bado anaiona pale kwenye kioo. Inamtazama naye anaitazama. Wenzake wa Tanzania waliotumia mbadilishaji yule yule wamefungiwa pia, na waliosalia walichanga, ikafika nusu ya amana iliyotakiwa hospitali ya kujifungulia. Mumewe alikuwa Dar anatoa kontena bandarini. Akaahidi kutuma, ila itachukua siku tatu.

Hatukuwa na siku tatu. Asubuhi ya pili miguu ya binti yangu ilivimba mpaka viatu vikakataa, akaanza kuona nyota. Mimi ninaijua ile. Dada yangu mkubwa alikufa nayo, yeye na mtoto wake tumboni, nami nilikuwa nimeshika taa. Hospitali walimpima presha wakasema apasuliwe leo leo, na ndugu walipe amana iliyobaki. Alinitazama pale kitandani, midomo imepauka.

"Mama, una kile kitu chako cha maana?"

Nikamwambia ninacho. Nikarudi Sanyuanli na teksi waliyonilipia wauguzi kwa simu zao, nikaingia moja kwa moja mgahawani. Nikamwonyesha yule mwanamke mkono wangu na bangili zote, nikamwambia, "Uza. Mtoto wangu hospitali." Hakuuliza la pili. Akavua aproni, akanipeleka kwenye sinki, akanimwagia sabuni ya vyombo. Sita zilitoka. Ya saba ilikwama kwenye kifundo cha kidole gumba, mifupa yangu imenenepa kwa sindano. Nikamwambia iache.

Duka la sonara lilikuwa jengo la nyuma, kijichumba cha vioo. Mzee mmoja, miwani juu ya miwani. Alizipima, akazisugua kwenye jiwe, akaitikia kwa kichwa. Halafu akaziweka kwenye kibakuli cha udongo, akawasha mrija wa moto wa buluu.

Nilidhani anazisafisha. Nilipoona ya kwanza inalegea nikamshika mkono.

"Mama, kawaida," yule mwanamke akaniambia, ananivuta. "Moto naangalia kweli. Hapana kweli, laoban hapana nunua." Laoban ni yule mwenye duka.

Nilisimama nikatazama. Bangili ya kofia za arusi, bangili ya kofia za Idi, ile niliyoinunua mwaka aliokufa mume wangu, zote zikainama, zikalaliana, zikawa uji. Mwanzo hofu yangu ilikuwa za kwangu zitatoka bandia, yule sonara wa Unguja kanicheka miaka yote. Halafu ikawa nyingine. Alipolimwaga kwenye maji na kulikausha, lilikuwa donge kama kokwa ya tende. Hakuna duniani ambaye angelijua kuwa ni langu.

Mzee akalipima tena, akaandika namba. Yule mwanamke akasema bei ni ya haki. Nikanyoosha mkono nipewe pesa.

"Meiyou," mzee akasema, akafungua mtoto wa meza anionyeshe. Hamna. Noti za kutosha hana, hakuna anayezitaka siku hizi. Atatuma kwenye simu ya huyu dada, au nije kesho atoe benki.

Hapo ndipo nilipokosea, na ninaliandika ili watoto wangu walijue. Nilikataa. Nililichukua donge langu nikalifumba kiganjani nikakaa kwenye kiti. Dhahabu ni mkono kwa mkono. Kesho ni riba. Na simu? Simu ya mtu mwingine, namba nisiyoweza kuisoma, nchi nisiyoijua hata jina la mtaa. Nikamwambia yule mwanamke, "Anipe karatasi." Mimi, kinywa changu mwenyewe, ninalilia karatasi.

"Karatasi meiyou, mama. Simu ndiyo pesa. Mimi Muislamu, wewe Muislamu."

"Matapeli nao wanasali," nikamwambia.

Sijui kama alilielewa. Alijifuta tu unga mikononi. Tukakaa hivyo, saa ya ukutani inatembea, mimi nimeng'ang'ania kokwa ya tende na binti yangu anavimba. Kisha simu yake ikalia. Alisikiliza, akaniwekea sikioni. Sauti ya binti yangu, nyembamba kama ya mtoto wa chuoni: "Mama, wamenipima tena, imepanda. Mko wapi?"

Nilifumbua kiganja.

Mzee akalichukua donge, akaielekeza simu yake kwenye ya yule mwanamke, na ile simu ikasema kwa sauti ya kike, maneno machache ya Kichina. Basi. Kofia za miaka arubaini zimeishia hapo.

Akanikokota mpaka kituo cha treni ya chini ya ardhi, maana barabara zimejaa magari hayaendi. Alininunulia kijiduara cha plastiki cha kijani, ndiyo tiketi yenyewe, akanipigia ishara: usipoteze, bila hiki hutoki. Mimi sikumwachia upindo wa koti lake. Kwenye ngazi nimeushika, kwenye ukumbi nimeushika. Nilikuwa namwaza vibaya na namwomba Mungu anisamehe kwa wakati mmoja. Mali yangu yote ilikuwa ndani ya mfuko wa suruali ya mtu ninayemjua kwa supu.

Treni ikaja. Watu wakasukumana. Kijiduara kikaniponyoka, kikabingiria sakafuni, nikaliachia koti niinamie kukiokota. Nilipoinuka, milango ya vioo ilikuwa inajifunga na yeye yumo ndani. Nilimwona anapiga kioo kwa kiganja, mdomo unasema kitu. Halafu treni ikamchukua.

Sijawahi kuogopa vile, hata usiku ule wa dada yangu. Usiku ule nilikuwa na taa ya kushika. Simu yangu haina mtandao nje ya nyumba. Jina la hospitali sikulijua, nimepelekwa tu na kurudishwa. Maandishi ukutani yote ni kama nyayo za kuku. Nikawaza: donge liko kwa mzee, namba iko kwa mwanamke, mwanamke kaenda, mwanangu yuko juu ya meza. Nikaona uso wa mama kizingitini.

Akaja askari wa kituo, msichana wa umri wa mjukuu. Nikamshika mkono. Nikamfanyia tumbo kwa mikono, nikamfanyia mtoto, nikalia. Hakunielewa. Nikaivuta bangili ya saba kwa nguvu zangu zote mpaka ngozi ikachubuka na damu ikatoka, nayo bangili ikatoka, nikamwekea kiganjani. Dhahabu halisi. Nilitaka aichukue anifikishe kwa mwanangu.

"Buyao," akasema. Sitaki. Alirudi nyuma kama nimempa kaa la moto. "Buyao, buyao." Akanirudishia, akaniletea kijikiti na kikombe cha maji ya moto, akasimama kando yangu asiniache.

Nilikaa pale. Mkono mmoja dhahabu, mkono mmoja plastiki. Treni zilipita nikaacha kuzihesabu. Nilisoma Yasini nusu nikasahau inapoendelea, nikaanza upya, nikasahau tena. Nilikwisha kumzika mwanangu moyoni. Nilikuwa nawaza nitamwambiaje mumewe kwamba dola niliambiwa nije nazo.

Nikahisi kitu kimenigusa bega.

Alikuwa anahema, mtandio umekwenda kando, unga bado kwenye kope.

"Mama kaa vizuri," akasema. "Hapana kwenda popote. Vizuri sana."

Akafungua simu. Picha ya kwanza ni risiti yenye mhuri mwekundu. Picha ya pili ni mkono wa binti yangu wenye utepe wa hospitali, na kidole gumba kimeinuliwa. Wamempeleka chumba cha upasuaji.

Nikamuuliza, kwa nini hakushuka kituo cha mbele akanirudia kwanza.

"Mtoto haraka," akanijibu. "Bibi mzito, hapana kimbia."

Nikacheka kwa kilio. Mpaka hospitali alinishika yeye, wala si mimi kumshika. Kwenye geti la kutokea kituoni nikakitumbukiza kile kijiduara kwenye tundu lake na kilango kikafunguka. Kilikuwa kimenichora alama kiganjani kama ya kikombe.

Tulingoja nje ya mlango wa chuma. Bangili ya saba nikampa yeye, nikamfumba vidole. Akaifumbua mikono yangu akanirudishia, kwa neno lile lile la yule msichana wa kituoni. Nikairudisha mkononi. Iliingia kwa urahisi kwa ajili ya damu.

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akatoka na kifurushi, anauliza ndugu ni nani. Mama mzima, akanifasiria yule mwanamke wa tambi, mtoto mzima, wa kike. Nikasimama kumpokea mjukuu wangu wa miaka tisa ya kungojwa, nikanyoosha mikono, nikairudisha kifuani. Nikaogopa. Niliogopa nitamwangusha pale sakafuni, baada ya yote yale.

Nikamgeukia muuza tambi.

"Mshike wewe kwanza," nikamwambia. "Mimi bado."