Viwavi wa Nyuma ya Jiko

Walisema sitaweza. Nilikuwa nimerudi mjini Baraka na diploma ya kilimo, wa kwanza kwetu kuipata, tena ada nilijilipia kwa kubeba mizigo bandarini. Bado wakasema kiwavi hafugwi kama kuku.

Nilitaka kuwafuga kwa ajili ya mama. Miguu ilikuwa imemwishia nguvu, hakuweza tena kupanda milima ya juu ya Lweba alikozoea kuokota viwavi wa kula. Nyuma ya jiko letu ulisimama mti wa aina ile ile ambao viwavi hao hula majani yake. Nikaazima vikapu vitatu vya viwavi hai kwa wanawake watatu waliotoka kuokota. Mmoja akacheka.

“Musomi, utatulipa na bipepeo?”

Viwavi wakala mpaka matawi yakabaki matupu, kisha wakaanza kushuka. Nikawaweka ndani ya sanduku lenye vijiti vikavu, wajifunge kwa nyuzi zao kama wadudu wa hariri wa kitabuni. Siku mbili walizunguka pembeni tu, wengine wakakauka. Mama akajikokota mpaka kwenye sanduku, akachungulia, akaniita kama alivyozoea kumwita mwanawe.

“Papa, aba batoto banatafuta udongo.”

Nilimwambia kitabu hakisemi hivyo. Aliposinzia mchana nikamwaga udongo laini, na kabla ya jioni wote walikuwa wamezama. Mtu aliyesoma kweli anajua kusikiliza.

Kiangazi chote mama alikaa karibu na sanduku akifukuza kuku. Mvua za kwanza ziliponyesha, nondo wakatoka udongoni: wapana kama kiganja changu, rangi ya tofali, kila bawa la nyuma lina doa kama jicho. Hawana kinywa cha kulia chakula. Wanaishi siku chache, wanatafutana, wanataga, wanakufa. Asubuhi moja mmoja alitua kwenye kitambaa cha kichwani cha mama. Mama hakujitikisa, hata uji wake ukapoa, mpaka mgeni yule aliporuka.

Mayai yakaanguliwa, mti ukajaa. Mama aliokota kwa mikono yake, ameketi kwenye kigoda, akiimba.

Vikapu vya kurudisha alivijaza mwenyewe, hadi vikafurika. Nikavaa shati jeupe, nikavipeleka kimoja kimoja, nikipitia sokoni makusudi ili wote waone. Cha mwisho kilikuwa cha yule aliyenicheka. Akafunua majani, akachungulia.

“Ni weye ulibafuga?”

Jibu la “Ni mimi” nilikuwa nimeliandaa mwaka mzima.

“Ni mama,” nikasema, nikamwachia kikapu.