Siku Tuliyomwomba Mbunge Aseme Hapana

Baba yangu mdogo alikuwa na punda aliyeogopa daraja. Si madaraja yote, daraja moja tu, lile la magogo chini ya kanisa, ambalo alilipita kila msimu wa kahawa na kila msimu akaliogopa upya. Akifika pale anasimama, masikio nyuma, magunia yetu mgongoni. Baba mdogo alijaribu fimbo, akajaribu kumpa majani, akajaribu hata kumwimbia. Mwisho alikuwa anavua sweta lake anamfunika punda uso, halafu mimi nasukuma kwa nyuma, na mateke nimeyala. Watu walikuwa wanakuja kutazama. Mama mmoja alituuliza kama tunambatiza.

Siku moja punda aligoma hata kwa sweta. Tukachelewa kufika ghalani, foleni ya kupima kahawa ikawa ndefu, na tulikuwa tumekaa juu ya magunia pale lori la jeshi lilipopanda kutoka Moshi. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Ukungu ulikuwa bado haujatoka, wanawake wanashuka kukata majani ya ng'ombe, mtu anauza ndizi za kuchoma. Afisa akashuka akasema nchi imevamiwa, anataka vijana. Punda angevuka mapema ningekuwa nimesharudi nyumbani. Nilikuwa na darasa la nne tu, sikujua hata Uganda iko upande gani. Nikapanda lori.

Mafunzo sitayaeleza. Kila aliyepita jeshini anaeleza mafunzo, na wote walikimbia kuliko wenzao.

Rafiki yangu kule aliitwa Salutari, mtu wa Tarakea, Rombo. Alikuwa akinicheka ninavyoongea, nami namcheka, maana Kichaga cha Rombo na cha upande wetu ni kama watu wawili wanaoongea kila mmoja kwenye dirisha lake. Tuliambiwa tunakwenda kumtoa adui kwenye ardhi yetu. Tukamtoa. Nakumbuka tumekaa kwenye nyasi, Salutari amevua viatu, anasema, "Kahawa bado iko mtini. Tutaikuta." Kisha ikaja amri tusonge mbele, tuvuke mpaka, tumfuate huko huko. Sisemi ilikuwa amri mbaya. Wakubwa walikuwa na sababu zao, na kule ndani wako waliotupokea kwa vigelegele. Nasema tu kwamba viatu vilivaliwa tena.

Sasa, kule ndani kuna migomba. Hakuna aliyetuambia. Wenzetu wa pwani na wa Dodoma waliiogopa kwa sababu mtu haoni mbele. Sisi wa mlimani tuliona tumefika nyumbani. Kwetu ukiingia chini ya mgomba mambo yamekwisha, kuna kivuli, kuna bibi wa mtu atakuuliza wewe ni wa ukoo gani.

Asubuhi moja tulikuwa kwenye barabara ya udongo. Salutari akatazama shamba.

"Hawa watu hawapunguzi machipukizi," akasema. "Ona shina lile lilivyobanwa."

"Acha shamba la watu."

"Natazama tu, wewe. Mkungu kama ule sijauona."

Akatoka barabarani.

Akainamisha kichwa kupita chini ya jani, kama tufanyavyo kwetu.

Bunduki ikalia kutoka ndani.

Tulilala chini. Uso wangu ulikuwa kwenye matope na nilikuwa naona buti lake moja. Halikusogea.

Baadaye tulimvuta kwa mkanda. Barabara ilikuwa imekaguliwa. Shamba halikukaguliwa, na yeye ndilo aliloliamini.

Nilipotoka jeshini nilikwenda Tarakea kwa mama yake. Alinipa maziwa, akaniacha ninywe, halafu akauliza kwa upole, "Adui mlikuwa mmeshamtoa kwenye ardhi yetu?" Nikasema ndiyo, mama, tulikuwa tumemtoa. Akasema, "Sasa mwanangu alikuwa anakwenda wapi tena?"

Nimekaa na swali hilo maisha yangu yote. Nimeoa nalo, nimezeeka nalo.

Ninaandika haya Himo, nyumbani kwa binti yangu, kwenye joto ambalo mtu wa mlimani halizoei. Yeye ndiye aliyenipa karatasi, akasema, baba, andika, uache kuwasimulia madereva.

Nilikuwa na mtoto wa kiume wa mwisho, Deo. Kwetu kitindamimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba. Wakubwa wanatafuta kwao, huyu anabaki na kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, ng'ombe, wazazi wakizeeka, na makaburi. Deo alisema atakwenda jeshini kwanza, atarudi kujenga nyumba ya matofali palepale. Sikumkataza. Mama yake, Filomena, alinuna mwezi mzima, akipika anagonga sufuria.

Kikosi chake kilipelekwa nchi ya jirani, sitaitaja. Walipelekwa kulinda mji usichukuliwe na waasi. Wakaulinda. Deo alikuwa akipiga simu Jumapili baada ya misa, anamuuliza mama yake ng'ombe amezaa nini. Halafu Rais akatangaza kwamba kulinda hakutoshi. Vikosi vitaongezwa, na vilivyoko kule vitavuka mto kuwafuata waasi huko waliko. Bunge litakaa kuunga mkono.

Tulisikia tukiwa kilabuni, redio ikiwa juu ya dirisha. Mimi niliweka chini kibuyu changu cha mbege. Estomihi, jirani yangu, mzee wa usharika, ambaye huja kilabuni akisema amekuja kunitafuta mimi, akanitazama.

"Meku, mzee wangu, umekuwa wa majivu."

"Wanavuka," nikasema.

"Nani wanavuka?"

"Wanasema maneno yale yale, Estomihi. Tulimaliza, wakasema tuvuke."

Yeye ndiye aliyesema twende kwa mbunge. "Si sisi tuliomchagua? Mimi nilipiga kura nina homa. Anidai nini tena?"

Tulishuka Moshi, mimi, yeye na Filomena, aliyevaa gauni la Pasaka. Ofisi ya mbunge ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mbunge tulimjua tangu anachunga mbuzi. Alikuja mlangoni mwenyewe, akainama.

"Shikamooni wazee wangu. Shikamoo mama."

"Marahaba, Mheshimiwa. Umenenepa," Estomihi akasema. "Dodoma kuna nini?"

Akacheka, akaagiza chai. Nilimwambia tulichokuja nacho. Bunge likikaa, asimame akatae. Asiitukane serikali, aseme tu kazi iliyowapeleka vijana imekwisha, warudi.

"Baba Deo," akasema, "mambo haya ni ya usalama. Yapo tusiyoyajua mimi na wewe. Halafu chama kina msimamo wake."

"Chama hakina mtoto," Filomena akasema.

Chai ilikuwa imeletwa, hakuna aliyeigusa. Ndipo nikamsimulia habari za Salutari, na migomba, na mama wa Tarakea. Sikusimulia vizuri, nilirudi nyuma mara nyingi, hata punda nilimtaja, Estomihi akawa ananikanyaga mguu. Lakini nilifika kwenye swali. Nikamwambia, "Mheshimiwa, mimi sikuwa na jibu kwa sababu hakuna mtu aliyeliuliza pale lilipotakiwa kuulizwa. Wewe unakaa hapo pa kuuliza. Uliza, uwasikie watakavyojibu."

Alivua miwani. Nilimwona kabisa, macho yake yalikuwa na maji, na hata leo sidhani alikuwa anadanganya. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nitasimama, baba. Nitasema hapana hata nikibaki peke yangu."

Kwenye ngazi Estomihi akaniambia, "Walutheri tungempigia makofi." Filomena hakucheka. Alisema, "Ameahidi haraka."

Siku ya Bunge tulikuwa kwenye duka lenye televisheni. Mwenye duka alizima friji ili tusikie vizuri. Watu walisimama hadi barabarani, na bodaboda wawili walizima pikipiki zao.

Waliongea wengi. Kila akisimama mtu mimi natafuta uso wake. Nikauona, mstari wa nyuma, ameshika kipaza sauti chake kile cha mezani, kidole kiko juu ya kitufe.

"Anataka kuongea," Estomihi akasema. "Huyo. Huyo sasa."

Hakubonyeza.

Spika akauliza wanaoafiki. Ikalia ndiyo kama mawe yanamwagwa kutoka kwenye lori. Kamera ikapita mstari wake. Mdomo wake ulikuwa wazi. Mkono wake ulikuwa unapiga meza pamoja na wengine.

Spika akauliza wasioafiki. Nilizisikia sauti mbili au tatu, za mbali. Yake ninaijua. Haikuwamo.

Mwenye duka aliwasha friji. Bodaboda mmoja akawa anatazama viatu vyangu.

Deo alipiga simu ile wiki, si Jumapili.

"Baba, shikamoo. Kesho tunavuka."

"Marahaba. Kule mbele kuna migomba?"

"Ipo, baba." Akacheka. "Kama kwetu tu. Wenzangu wanaiogopa."

"Uiogope na wewe."

"Baba."

"Deo, nisikilize. Usiingie chini ya mgomba. Hata ukiona mkungu, hata ukimwona bibi. Pita njia iliyokaguliwa. Unanisikia?"

"Nakusikia. Mpe mama."

Nikampa mama. Waliongea habari za ndama.

Baada ya hapo simu yake ilikuwa haipatikani. Filomena aliichaji yetu hata ikiwa imejaa. Nilikwenda kahawani, nilipogoa miti iliyokwisha kupogolewa. Mtu akipita njiani tunanyanyua vichwa wote wawili, ng'ombe naye ananyanyua.

Lile gari la jeshi lilikuja asubuhi. Njia yetu ni nyembamba, gari kubwa lazima liende kugeuzia kanisani. Filomena aliliona likipita kwenda kugeuza. Aliinuka, akatoa kuni mekoni, akazizima moja moja kwenye udongo. Akaniambia, "Vaa shati."

Walikuwa maafisa wenye adabu. Walisema risasi haikumpata barabarani. Mwenzake alikuwa amejeruhiwa akaangukia ndani ya shamba, naye akaingia kumtoa. Alimtoa. Yule mwenzake yu hai, alikuja kutusalimu baadaye, kijana wa Singida, hawezi kukaa bila kutikisa goti.

Kwa hiyo mwanangu hakuniasi kwa ujinga. Aliona njia na aliona mtu. Nimepima sana jambo hilo, na kila nikilipima nakuta nami ningemtuma aingie.

Tulimzika kihambani, palepale alipokuwa amepigilia vigingi vya kujengea nyumba yake. Bendera, risasi za heshima, padre, maturubai, watu hadi kwenye kahawa za jirani. Mbunge naye alikuja. Alikuja bila msafara, kwa miguu kutoka kanisani, na tai ameivua. Watu wakampisha. Nilidhani anakwenda kwenye kiti cha mbele.

Alikuwa ameshika isale.

Wasio wa mlimani niwaambie. Isale ni mmea tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba, majani yake marefu na membamba. Mtu aliyekukosea akija na jani lake mkononi, amekwisha kukiri na anaomba yaishe. Halikataliwi. Watu wameuana kwa maji ya mfereji, likaja isale, likapokelewa, wakala mbuzi pamoja. Anayelikataa ndiye anayebaki na kosa. Ukoo haukai naye mbegeni, haukai naye msibani, na hata akifa wanafikiri kwanza.

Alisimama mbele yangu, akalinyoosha kwa mikono miwili. Lilikuwa bichi, linatoa maji. Alikuwa amelikata kwenye mpaka wangu mwenyewe, pale mlangoni.

"Baba," akasema, "niliogopa. Nimekosa. Naomba yaishe."

Nilisikia turubai linapigapiga.

"Pokea, meku," Estomihi akanong'ona. Alikuwa analia. "Pokea, usijifunge."

Nilimtazama Filomena. Hakunisaidia. Alikuwa anatazama udongo.

Wala sikuwa na hasira, niseme ukweli. Nilimhurumia, nimemjua tangu mdogo. Lakini nilijua nikilishika lile jani yatakuwa yamekwisha. Atakula nasi, atarudi Dodoma mwepesi, na vijana wa watu walikuwa bado wako ng'ambo ya mto, wanaendelea kusonga. Kosa lake halikuwa kwangu peke yangu hata niweze kulisamehe peke yangu. Wale wazazi wengine isale lao lilikuwa mkononi mwa nani?

"Wamesharudi?" nikamuuliza.

"Nani, baba?"

"Wenzake Deo."

Aliendelea kulinyoosha.

Mikono yangu ilikuwa mapajani. Ikabaki mapajani.

Mjomba wa Deo akaita jina langu la ukoo, kwa sauti, mara moja. Wanawake wakaanza kunung'unika. Filomena akainua uso, akanitazama, na nilijua kwamba yeye atabaki na mtoto wake na mimi sitaweza kubaki nao.

Nikachukua kofia yangu. Nikapita katikati ya viti, nyuma ya zizi, nikainama chini ya migomba, nikatokea barabarani. Kulikuwa na ukungu. Nikashuka kwa miguu kuelekea chini, na sijarudi.