Mbetuo na Gari la Mwenye Mapazia

Pale gereji hakuna aliyekumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Mbetuo, kwa jinsi alivyobetua mdomo wa chini kila alipoonyeshwa kazi ambayo hakuifanya yeye. Mafundi waliotembea na mashine za kusomea kompyuta ya gari aliwabetulia mdomo, akisema bila betri hao ni abiria tu. Wasiokuwa na mashine nao aliwabetulia, akisema wanapapasapapasa. Wenye magari ndio hakuwahesabu kabisa. Kwake walikuwa makalio yaliyokalia kiti.

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Mkewe, mshonaji mwenye mkono mwepesi, alivumilia miaka mingi kuambiwa kwamba chai imepoa, kwamba pindo limekwenda upande, kwamba hata kupiga chafya hajui. Pacha wao walipokua na kwenda kujitegemea, alikunja nguo zake akasema, "Baba Pacha, nimechoka kuishi na mkaguzi." Wakaachana. Baadaye akaolewa na mtu wa duka la mapazia. Mbetuo alipopata habari alisema neno moja tu, "Mapazia!", kama mtu anayetema kokwa.

Asubuhi moja gari kuukuu la dizeli likajikongoja kwenye mwinuko wa kuingilia gereji, likihema kama mgonjwa wa pumu. Nyuma lilijaa majora ya vitambaa hadi darini. Kwenye usukani alikuwa mwenye mapazia mwenyewe, mnene, shati lake limechomekwa pini kwenye ukosi. Pembeni yake alikaa mtalaka wa Mbetuo.

"Turbo hiyo," Mbetuo akasema, hata kitini hajainuka. "Imekufa. Mngeileta kwa machela."

"Hujambo, Baba Pacha," mwanamke akasema.

"Sijambo. Mmeliua gari."

Mwenye mapazia akashuka, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Pole na kazi, kaka. Bwana, limekuwa zito! Tambarare linakwenda, lakini mlimani linagoma. Nakanyaga mafuta mpaka mwisho, wapi! Na halina moshi, wala taa haijawaka."

"Taa," Mbetuo akarudia, akabetua mdomo. "Gari la umri huu unangojea likuwashie taa? Fungua boneti. Au nayo tukuitie mtu?"

Akainama kazini. Alitaka kwa moyo wake wote iwe turbo, ile pampu ya kusukumia hewa kwenye injini, kubwa na ya gharama, ili mwenye mapazia ashike kichwa. Akaivua mipira ya hewa mmoja mmoja, akaitazama kwenye mwanga: mizima, haina hata ufa. Akaingiza vidole, akaitikisa pangaboi ya turbo: imekaza, inazunguka vizuri, haina kilema. Moyoni akaitukana.

Angeweza kudanganya. Mtu wa mapazia angejua nini? Lakini kumdanganya mtu kama yule aliona ni kujishusha. Wa kudanganywa naye lazima awe na akili kidogo. Akahamia kwenye bomba linalotoka kwenye chujio la hewa, pale ilipokaa sensa ya kupima hewa inayoingia kwenye injini. Akachomoa plagi yake, akaiacha inaning'inia.

"Twende mlimani," akasema.

Wakapanda wote watatu. Kwenye mwinuko mkali nyuma ya ghala la mbao, mahali ambapo juzi tu gari lilikuwa likipitwa na baiskeli, mwenye mapazia akakanyaga mafuta, na gari likapanda. Halikuruka, lakini lilipanda kama gari. Akapiga usukani kwa furaha. "Limefufuka! Kaka, umefanya nini?"

"Nimemnyamazisha mwongo," Mbetuo akasema. "Sensa inaiambia kompyuta kwamba hewa inayoingia ni kidogo. Kompyuta inaamini, inatoa dizeli kwa kijiko. Nikiichomoa, kompyuta inabahatisha yenyewe. Na kubahatisha kwake ni bora kuliko uongo ule."

Waliporudi akaifungua sensa. Ndani, kile kipimio chembamba kilikuwa kimegandwa na utando wa mafuta na vumbi.

"Ulilifanya nini chujio?"

"Nililiosha kwa sabuni. Likakauka, likawa gumu. Nikalipaka mafuta kidogo, lilainike."

Mbetuo akaweka bisibisi chini, akampa maneno yote aliyokuwa nayo. Alimuuliza kama mapafu yake naye huyapaka mafuta. Alimwambia kuna watu wanaopaswa kuruhusiwa kumiliki punda tu, tena kwa uangalizi. Kisha akangoja yule mtu anywee, kama watu wote walivyonywea mbele yake.

Mwenye mapazia akacheka. Alicheka mpaka akashika boneti. "Mke wangu, umesikia? Nimelipaka mafuta kama mtoto aliyetoka kuoga!" Na mwanamke naye akacheka, kichwa nyuma, kicheko ambacho Mbetuo hakukumbuka kukisikia tangu pacha wakiwa wachanga.

"Na turbo iliyokufa?" mwanamke akauliza, akijifuta machozi.

Mbetuo akajifanya anatafuta spana. Kwenye gari bovu la aina ile ile, lililolala uani kwake, akatoa sensa nzima, akaifunga pamoja na chujio jipya. Safari hii mlimani gari lilikwenda kwa nguvu zake zote, na hapo hakukuwa na ubishi tena juu ya ugonjwa wake.

Mwanamke akateremsha kioo. "Pacha wanakuja Jumapili. Njoo ule nao."

"Nitaona."

Alikwenda. Njia nzima alijiambia kwamba anakwenda kumwona mjinga nyumbani kwake. Nyama ilikuwa ngumu. Aliijua tangu kuitafuna mara ya kwanza, lakini akameza akanyamaza, hata binti yake, mmoja wa wale pacha, akamuuliza kama anaumwa. Alijizuia mpaka kwenye chai. Hapo akatazama dirishani, mdomo ukamtoka wenyewe:

"Yaani nyumba ya muuza mapazia, na pazia halifiki chini!"

Wakamcheka wote mezani. Mbetuo akabetua mdomo, akasogeza kikombe aongezewe.