Feni ya Kompyuta ya Mama

Harufu ninayoikumbuka ni ya vumbi lililopata joto. Ilitoka nyuma ya kompyuta iliyokaa juu ya meza ya chakula nyumbani kwa bibi yangu, Mambrui, na kila ilipowashwa ilifuatwa na ngurumo kama ya mashine ya kusaga mahindi. Mama aliinunua ikiwa kuukuu, kutoka ofisi moja ya Malindi iliyokuwa ikifungwa, wiki chache kabla hajaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Alitaka tuwe tukionana nyuso. Nilikuwa na miaka tisa, mtoto wake wa pekee, na katika nyumba ile ya vyumba vitatu tulibaki wawili tu, mimi na Bibi.

Kila Ijumaa baada ya alasiri Mama alipiga. Bibi alijitanda leso yake nzuri kana kwamba anapokea mgeni, akakaa karibu na kioo cha kompyuta. Picha ilikuja, midomo ya Mama ikicheza, lakini sauti ilimezwa na feni. Masikio ya Bibi yalikuwa yameanza kuwa mazito, nami niliambulia neno mojamoja. Tuliona vibaya kumtaka arudie kila mara, maana mapumziko yake yalikuwa mafupi. Basi Bibi akawa anatikisa kichwa. "Vyema, mwanangu. Vyema kabisa." Nami nikatikisa changu. Picha ilipoondoka nilizima mashine, nyumba ikanyamaza ghafla, nikabaki nimekaa pale nikitazama kioo cheusi mpaka Bibi aniite.

Miaka miwili ya mkataba wake ilipokaribia kwisha, nilichoka. Nilikwenda kwa Fundi Karisa, mtu wa Marafa aliyetengeneza redio karibu na soko.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeleta redio?"

"Ni kompyuta, iko nyumbani. Inanguruma, simsikii mama yangu."

Aliweka chini alichokuwa nacho, akanitazama kidogo. Alinipa brashi ndogo ya rangi na kichupa cha mafuta ya cherehani. "Chomoa waya ukutani kwanza. Feni ishike kwa kidole isizunguke unapoipangusa. Mafuta tone moja tu, pale katikati. Ukizidisha, itanasa vumbi zaidi."

Alhamisi nilifungua ubavu wa sanduku lile. Vumbi lilitoka limeshikana kama pamba chafu, na ndani yake mchanga wa upepo wa kusi. Nilipangusa, nikatia tone langu, kisha nikakata ndara zangu za zamani vipande vinne nikaviweka chini ya sanduku ili meza isitetemeke. Nilipowasha nilisikia pumzi ndogo tu. Nilisikia saa ya ukutani, na tasbihi ya Bibi ikipita punje kwa punje.

Kesho yake Mama alipiga. Bibi alishtuka. "Leo nakusikia kama uko hapa ukumbini."

"Alhamdulillahi," Mama akasema. "Basi, ile karatasi nimeshatia sahihi. Miaka miwili mingine."

"Karatasi gani?" Bibi akauliza.

"Mama, si nimewauliza Ijumaa tatu, nirudi au niendelee? Mkaniambia vyema."

Mama alitazama pembeni, kisha akasema taratibu, "Nilitaka mniambie nirudi." Nilisikia kila neno. Bibi aliinua mkono akagusa kioo, akainuka, akaingia chumbani bila kuaga. Ijumaa zilizofuata sauti ilikuja safi, lakini maneno yalipungua. Bibi alifariki kabla miaka ile haijatimia, na Mama hakuruhusiwa kuja kumzika.

Sasa naishi Kilifi, na Mama anaishi nami. Kompyuta ninayofanyia kazi haina feni hata moja. Naweza kushinda siku nzima mbele yake nisisikie kitu. Tunakula pamoja, tukimaliza hatuna mengi ya kuambiana, kama watu waliojuana kwa barua. Mwaka jana nilipata kazi Nairobi. Sikumwandikia ujumbe, ingawa ningeweza. Nilikwenda jikoni alikokuwa akipika, nikazima jiko lililokuwa likivuma, nikamwuliza kama niende. Alipangusa mikono kwa leso yake, nami nikangoja.

"Ningependa ubaki," akasema.

Nikabaki.