Ukurasa wa Kwanza Umo Mgongoni

Saa mbili asubuhi, chumba cha nyuma cha maktaba kinanuka gundi. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa analowesha mgongo wa kitabu kinene kwa sponji, anasubiri, kisha anapenyeza kisu butu taratibu. Anabandua ukanda wa karatasi na kuusogeza dirishani.

"Hesabu za darasa la tatu," anasema, na kuuweka kando.

Hapa wote humwita Mama Gundi. Kwa miaka thelathini na mitatu ameshona vitabu vilivyochanika. Sasa anavifumua alivyovishona mwenyewe, na ukimwuliza sababu, atacheka kwanza.

Kabatini mwake kuna vitabu vya watoto vya kuanzia kusoma, vya vizazi vinne. Vya kale kabisa ni kadibodi za silabi, ba be bi bo bu, bila picha hata moja. Vikafuata vya picha nyeusi, halafu vya rangi. Kinachomhangaisha ni kile cha kwanza kuwa na picha, alichosomea mama yake. Anazo nakala sita, na zote hazina ukurasa wa kwanza.

"Mtoto anaanzia pale," anaeleza. "Analamba kidole, anafunua, analamba tena. Ukurasa wa mwisho utaukuta safi, maana wengine hawakuufikia."

Mwaka jana alitafuta njia ya mkato, akaziba pengo kwa ukurasa wa toleo la baadaye. Mama yake, ajuza wa miaka themanini na mmoja, aliukataa palepale.

"Mwanangu, hii taa ya umeme imetoka wapi? Sisi tulikuwa na msichana na jogoo. Usinipige changa la macho, haya yenyewe yanakwisha."

Ni kweli yanakwisha. Daktari amesema hayatengenezeki tena. Mama Gundi aliona aibu, akauchomoa ukurasa ule.

Ndipo akakumbuka ujana wake kazini. Karatasi ilikuwa adimu, naye akikata vitabu chakavu vya watoto kuimarishia migongo ya vitabu vya wakubwa. Vya namna hiyo viko mia mbili na kumi rafuni. Ameshafumua themanini.

Mkutubi mkuu alikubali kwa sharti kwamba kila kitabu kirudi rafuni siku hiyohiyo. "Vinarudi vizuri kuliko mwanzo," anasema. "Ila ubishi wake, tumenyoosha mikono."

Wiki iliyopita, ndani ya kitabu cha kilimo, ilitoka nusu ya chini ya ukurasa. Jioni aliipeleka nyumbani. Mama yake aliisogeza hadi puani. Kulikuwa na miguu ya jogoo, na chini yake maneno mawili. Aliyasoma kwa sauti, akarudia, kisha akamgeukia bintiye.

"Si nilisema mimi?"

Mama Gundi anasimulia haya huku akivuta kitabu kingine mezani. Furaha haifichiki usoni.

"Miguu tunayo. Kichwa kimo humuhumu, na aliyekificha ni mimi. Lazima nikitoe mama angali anaona."