Kaseti Iliyoanikwa Juani

Enzi zetu, na wa rika langu mtanishuhudia, betri za redio zikichoka hazikutupwa. Zilianikwa. Kwetu Kirumba kulikuwa na jiwe kubwa nyuma ya nyumba, na juu yake kila kitu kilipata jua lake: dagaa, makopa ya mihogo, magodoro ya waliokojoa usiku (majina nayahifadhi) na betri za Baba. Jioni unazirudisha kwenye redio kaseti, unaipiga kofi ubavuni, muziki huo!

Baba alikuwa fundi seremala, na ugonjwa wake ulikuwa roki. Mtaa mzima ulisikiliza dansi, yeye akawa na kaseti yake moja aliyopewa na baharia wa meli ya Bukoba. Karatasi yake ilikuwa imebanduka, hivyo waimbaji hatukuwajua. Gitaa likianza kulia, Baba aliweka randa chini, akafumba macho, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi. "Sikieni mtu anavyolia kwa vidole," alituambia. Sisi tuliokuwa tunacheza rede tulisimama kidogo kwa heshima, kisha tukaendelea kulengana mipira. Jirani yetu Mama Zuhura alipaza sauti kutoka uani kwake, "Baba Masanja, punguza hayo makelele!" Baba aliongeza.

Siku moja muziki ukaanza kukokota, sauti nzito kama ya mlevi. Mama akatoa betri akazianika, na kaseti akaianika pembeni. Kama jua linaponya betri, kaseti ina kosa gani? Jioni ilirudi imejikunja. Baba aliitazama, akamtazama Mama, akacheka mpaka akakaa chini. Aliendelea kuipiga hivyohivyo, gitaa likiyumba, mpaka utepe ulipokatika. Baba amefariki miaka mingi sasa, na gitaa lile sikulisikia tena popote.

Leo naishi Mkolani na binti yangu Neema, yuko kidato cha pili. Shikamoo yake siku hizi ni kutikisa kichwa, masikioni amejaza spika zake ndogo. Enzi zetu ungewatikisia wazazi kichwa, kingetikiswa zaidi. Namuuliza habari za shule, anajibu "Mm." Natania, lakini iliniuma. Tulikuwa tunakula meza moja na mwanangu simjui.

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika, spika zake zikaisha chaji. Akaiweka simu ndani ya sufuria ili isikike, akaanza kufua. Nilikuwa barazani nachambua mchele. Gitaa likalia, refu, la taratibu, ngoma nzito nyuma yake, na mwili ukanisisimka.

"Neema, huo wimbo wa zamani umeutoa wapi?"

"Si wa zamani, Baba. Albamu imetoka mwaka huu. Vijana tu hao."

"Rudisha mwanzo."

Alinitazama kama nimeugua, lakini akarudisha. Tulisikiliza albamu nzima, mchele ukiningoja. Vijana wa leo, jamani, mnaotuchosha kwa video za sekunde chache, kumbe wapo wenzenu wanaokaa na gitaa mpaka liseme! Nilifurahi, na nilimkumbuka Baba mpaka macho yakalowa.

"Babu yako angeupenda huu," nikasema.

"Babu alisikiliza roki?" Hakuwahi kumwona. Nikamsimulia habari za jiwe. "Bibi alianika kaseti!" Alicheka mpaka povu likamrukia usoni.

Sisi tulikuwa na wimbo mmoja, na mtaa mzima uliusikia, upende usipende. Wao wana nyimbo za dunia nzima, na kila mmoja anasikiliza peke yake. Nayatamani makelele yale.

Umeme ukarudi. Nilijua ataenda kuchaji spika zake, nikarudia mchele wangu. Neema akafuta mikono kwenye kanga, akazima simu, akavuta kigoda karibu yangu.

"Ehe, Baba," akasema, "halafu Babu akafanyaje?"