Kuchagua Msimamizi Mpole

Jumatatu nilipanga foleni kwenye ofisi ya chuo kimoja hapa Iringa, nikifuatilia cheti cha binti yangu. Mbele yangu mwalimu wa sekondari kutoka Igowole, anayesomea uzamili, alikabidhi fomu ya kupendekeza wasimamizi wa utafiti wake. Karani aliisoma, akashusha miwani.

"Mwalimu, huyu wa kwanza si ndiye aliyekataa andiko lako mara mbili?"

"Ndiye."

"Wapole wapo, jamani! Utamaliza lini?"

Mwalimu akaweka kidole juu ya jina lile. "Wapole walinisifia hata kurasa nilizosahau kuziweka. Huyu ndiye aliyeziulizia."

Karani akagonga muhuri.

Mimi msimamizi wangu nilimchagua kwa ucheshi wake. Tulicheka miaka sita, tasnifu ikiwa bado sura ya pili.